Kuvua ya Kale: Habari za Uamsho Uliofika Shirati

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limechapwa kama lilivyosomwa hewani. Wasemaji ni Mwalimu, pamoja na Mzee na Mama, wanafunzi wa darasa la Buswahili, wilaya ya Butiama.)

MWALIMU: Kila mmoja na akae mahali anapoweza kuuona ubao, na walio karibu na redio wasiwazibie sauti wenzao walio nyuma. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: TOBA, UNGAMA, RUDISHA, UAMSHO. Tutayasoma tutakapoyafikia.

Leo siko peke yangu. Ninao wageni wawili kutoka Buswahili. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwalimu. Hujambo?

MWALIMU: Sijambo. Mama, habari za nyumbani?

MAMA: Nzuri, mwalimu. Mvua tu ndiyo imechelewa.

MWALIMU: Itakuja. Wasikilizaji, mama huyu ndiye aliyelileta somo la leo. Juma lililopita aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Lirudie, mama, watu wasikie.

MAMA: Niliuliza hivi. Kanisani kila siku twaambiwa tuache ya kale. Sasa mimi jina langu ni la kale, nilipewa na bibi yangu. Mtungi wangu wa maji ni wa kale. Nyimbo ninazomwimbia mjukuu wangu ni za kale. Je, niache vyote? Nikiacha vyote nitabaki na nini?

MWALIMU: Darasa letu lina Wakristo, lina Waislamu, na lina wazee wanaoshika dini ya mababu. Wote mkae. Somo hili lahusu maisha ya Kikristo, lakini pia ni historia ya mkoa wetu, nayo ni mali ya kila mmoja. Swali la mama lilikwisha kuulizwa hapa hapa Mara zaidi ya miaka 80 iliyopita, na jibu lililopatikana wakati ule liliwashangaza hata wamisionari.

Tuanze na neno lenyewe, kale. Mtume Paulo, katika barua zake kwa Waefeso na kwa Wakolosai, atumia mfano wa nguo. Mtu anayemfuata Kristo, kwa maneno yake, ni kama mtu anayevua vazi lililochakaa na kuvaa jipya. Mfano huu ni mwepesi kwa kila mtu. Lakini tazameni vitu anavyovitaja anapolieleza vazi hilo chakavu. Hataji jina ulilopewa na bibi yako, wala mtungi. Ataja uongo, hasira, wizi, matusi, uchungu wa moyo, tamaa, uzinzi. Na kwa habari ya mwizi haishii kumkataza asiibe. Amtaka pia ashike kazi ya mikono, apate kitu cha kumgawia asiye nacho. Mkono ule ule uliokuwa ukichukua sasa utoe. Huko ndiko kuvua na kuvaa.

Sasa twende kwenye historia. Mapadre Wazungu wa Kanisa Katoliki, wale walioitwa White Fathers, walifungua misheni ya Nyegina karibu na Musoma mwaka 1911. Makanisa mengine nayo yalikuja. Wamennonite kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, na mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Elam Stauffer. Kutoka Shirati walienea mpaka Bukiroba, Mugango, Bumangi na kwingineko.

Makanisa haya yalikuwa na kanuni. Mtu akitaka kubatizwa aliambiwa aache pombe, aache hirizi, aache matambiko, asiongeze mke. Penginepo alikatazwa na ngoma. Sisemi kwamba kanuni hizo zote zilikuwa mbaya. Pombe imevunja nyumba nyingi, nanyi mwazijua. Lakini kanuni zina udhaifu mmoja: mtu aweza kuzishika mbele ya watu na moyo wake ukabaki pale pale. Alikunywa mchana, sasa anywa usiku. Hirizi ilikuwa shingoni, sasa imo chini ya kitanda. Naye ana kadi ya ubatizo, na jina lake limo katika kitabu cha kanisa.

MZEE: Na huenda ni mzee wa kanisa.

MWALIMU: Huenda, mzee. Utatueleza baadaye.

Basi, hali hiyo haikuwa ya Mara peke yake. Huko Uganda na Rwanda ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1929 watu wawili walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala. Mmoja alikuwa Simeon Nsibambi, Mganda, mfanyakazi wa serikali katika idara ya afya. Wa pili alikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa na hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda. Daktari alikuwa amechoka. Rwanda ilikuwa imepatwa na njaa kali, watu wengi walikufa, naye alijiona ameishiwa nguvu za mwili na za roho. Nsibambi naye hakuwa na raha, maana aliliona kanisa lake limejaa watu lakini limelala. Wawili hawa, mweusi na mweupe, walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Siku zile halikuwa jambo la kawaida Mwafrika na Mzungu kukaa hivyo kama ndugu, kila mmoja akimwambia mwenzake udhaifu wake.

Watu wengi wahesabu kwamba uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia hapo. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu. Alirudi nyumbani na neno moja la Kiganda, zukuka, maana yake amka. Kigozi alifariki mapema mwaka 1936, lakini neno lake lilibaki. Waliolipokea waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Wimbo wao, Tukutendereza, ulivuka mipaka pamoja nao, na hata leo utausikia ukiimbwa kwa Kiganda na watu wasiojua neno lingine la Kiganda.

Hebu tulisome neno la nne ubaoni. Sote pamoja: u-a-m-sho. Uamsho. Limetokana na kuamka, kuamsha. Mtu aliyelala hajafa. Ana macho, ana masikio, lakini hayatumii. Ndiyo maana walichagua neno hilo.

MAMA: Mwalimu, huku kwetu ulifikaje?

MWALIMU: Kwa miguu ya watu, mama, na kwa mashua na meli za ziwani. Kwanza uliingia upande wa Bukoba, katika shule ya ualimu ya Katoke, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kutoka huko habari zilizunguka ziwa. Mwaka 1942 ulifika Shirati.

Hapo nataka tukae kidogo. Mwaka 1942 dunia ilikuwa vitani. Vijana wengi wa Tanganyika walichukuliwa uaskari. Kanisa la Shirati lilikuwa na umri wa miaka 8 tu. Watu walikuwa wamekusanyika katika ibada kama kawaida, mara wengine wakaanza kulia na kusema makosa yao mbele ya wote. Hawakusema kwa jumla, kwa maneno ya kuwa sisi sote ni wakosaji. Walitaja. Niliiba kitu fulani. Nilimchukia fulani. Nilidanganya.

Tena Waafrika hawakuungama peke yao. Wamisionari nao waliungama. Walikiri kiburi cha rangi, kwamba walijiona bora kuliko watu waliokuja kuwahubiria. Fikirini maana yake katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, ambamo Mwafrika hakukaribishwa kula mezani kwa Mzungu. Mzungu kusimama na kumwomba radhi mpishi wake! Mzee mmoja wa Shirati aliyeyapitia hayo, Zedekia Kisare, aliwekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania mwaka 1967. Kumbukumbu zake zilichapwa kitabuni mwaka 1984. Yeye alikuwa Mjaluo wa Shirati. Kati ya Wajaluo na makabila ya Kibantu ya huku, yaani Wakuria, Wazanaki, Wajita, Wakwaya na wengine, kulikuwa na dharau ya siku nyingi na kuibiana ng'ombe. Katika uamsho watu hawa waliitana ndugu. Walikula pamoja, walilala katika nyumba moja safarini. Kwa maoni yangu hapo ndipo vazi la kale lilipovuliwa hasa. Kuacha tumbaku ni kazi, lakini kumwita ndugu mtu ambaye babu yako alimwita adui ni kazi kubwa zaidi.

Sasa neno la kwanza na la pili: to-ba, u-nga-ma. Toba ni kugeuka. Mtu alikuwa akienda kaskazini, sasa aenda kusini. Kuungama ni kusema kwa kinywa ulilolitenda. Ndugu wa uamsho walikutana kila juma, wakaketi pamoja, mchungaji na mkulima, msomi na asiyejua kusoma, na kila mmoja akasema jinsi alivyotembea juma lile. Waliliita jambo hilo kutembea nuruni. Mama asiyejua herufi moja aliweza kumwonya mwalimu wa shule, na mwalimu akanyamaza akasikiliza. Nadhani jambo hilo lilikuza watu wengi kuliko madarasa yetu haya.

Na neno la tatu: ru-di-sha. Hilo ndilo lililowafanya watu wa nje waamini. Habari za uamsho, toka Rwanda mpaka kwetu, zimejaa vitu vilivyorudishwa: majembe, mabati, fedha za serikali, dawa na shuka za hospitali, ng'ombe. Mfano wao ulikuwa Zakayo, yule mtoza ushuru katika Injili ya Luka sura ya 19, aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Kulia ni rahisi. Machozi hayana bei. Lakini ng'ombe anapotoka katika zizi lako na kuingia katika zizi la jirani, kijiji kizima chaona.

Mzee wangu, nimekusikia ukikohoa. Nadhani zamu yako imefika.

MZEE: Nimefika, mwalimu. Nitasema kwa ufupi, maana haya si maneno ya kujisifia.

Mimi nilikuwa na rafiki. Mwaka ule wa mvua kubwa, 1998, alinipa mtamba nimtunzie, maana kwake malisho yalikuwa yamejaa maji. Tulipatana kama desturi yetu. Maziwa yangu, ndama wake, na baada ya ndama kadhaa atanipa mmoja kuwa ahsante. Mwaka 2001 ng'ombe wangu mmoja alikufa kwa ugonjwa. Nilimchuna, na nilipoitazama ile ngozi wazo baya likanijia. Nikaipeleka kwa rafiki yangu. Nikamwambia, ng'ombe wako amekufa, hii ngozi yake.

MAMA: Eee!

MZEE: Ndiyo. Ngozi ndiyo ushahidi, kila mfugaji ajua. Aliishika, akaigeuza, akanyamaza. Akasema, haya ndugu yangu, Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Nikarudi nyumbani. Ng'ombe wake akaendelea kuzaa kwangu. Alizaa mara tano. Wawili walikufa, watatu wakakua. Mama yao nilimwuza mnadani.

Nami wakati wote huo nilikuwa mzee wa kanisa. Nilipitisha sahani ya sadaka. Pombe sikunywa. Mke nilikuwa na mmoja. Matambiko sikuyakaribia. Mtu angeniuliza, umeacha ya kale? Ningejibu bila kupepesa macho, nimeyaacha zamani. Rafiki yangu alifariki mwaka 2015. Nilisimama kaburini nikasema hotuba, nikamsifu mbele ya watoto wake.

MWALIMU: Ni nini kilichokufanya useme?

MZEE: Darasa hili. Usicheke, mwalimu. Nilikuja kujifunza kusoma ili nisome Biblia mwenyewe kabla macho hayajazimika. Nikafika kwa Zakayo, nikasoma polepole, silabi kwa silabi. Ukisomewa na mtu, maneno yapita upesi kama gari barabarani. Ukisoma mwenyewe kwa kidole, neno lakusimamisha. Nilikaa kwenye mstari ule jioni nzima.

Nilikwenda kwanza kwa mchungaji, kisha kwa yule mjane. Nilimwambia yote. Alinyamaza kama mumewe alivyonyamaza. Halafu akasema, mume wangu alijua. Ng'ombe wetu alikuwa na baka jeupe kwenye paja, na ile ngozi haikuwa nalo. Alikuja nyumbani akaniambia, tusiseme, nikimpoteza ng'ombe ni hasara, nikimpoteza na rafiki ni hasara mbili.

MWALIMU: Pole sana, mzee.

MZEE: Basi. Miaka 14 alikuwa akinisalimu kila siku, naye ajua.

MWALIMU: Tufanye hesabu, wasikilizaji, maana katika kurudisha hesabu ni sehemu ya ukweli. Ndama waliokua ni 3. Mama yao aliyeuzwa ni 1. Jumla ni 4. Kwa mapatano yao ya kwanza, ndama 1 angekuwa wa mtunzaji. 4 toa 1 ni 3. Mzee, umerudisha wangapi?

MZEE: Ile ndama ya ahsante sikuihesabu. Ahsante hupewa mtu mwaminifu. Deni langu ni wanne. Wawili nimekwisha kuwapeleka. Wawili nitawapeleka baada ya mvua, maana sasa wamekonda, na sitaki kupeleka ng'ombe wa aibu. Zizini kwangu walikuwa saba. Mwanangu mkubwa amekasirika. Asema nimempunguzia urithi kwa ajili ya roho yangu. Na mtoto wa kwanza wa marehemu hajanipa mkono hata leo. Mama yake amepokea, yeye hajapokea. Sina neno la kumlaumu.

MWALIMU: Ahsante, mzee. Hayo hayawezi kuongezwa kitu.

(Muziki kidogo.)

MWALIMU: Twendelee. Nisingekuwa mwalimu wa kweli kama ningewaeleza mema ya uamsho na kuyaficha makosa yake.

Kosa la kwanza lilikuwa ukali. Baadhi ya walioamka walianza kuwahukumu wengine. Asiyeungama hadharani walimwona hajaokoka, hata kama alikuwa mtu wa haki. Wakuu wa makanisa nao waliogopa, wakafanya haraka. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi wa uamsho walifukuzwa, na kiongozi wao alikuwa William Nagenda. Hapa jirani zetu, katika nchi ya Wajaluo wa Kenya, mabishano yaliligawa kanisa la Anglikana. Wapo walioitwa Joremo, watu wa damu, kwa kuwa walihubiri sana damu ya Yesu. Waliochoshwa na ukali wao waliitwa Johera, watu wa upendo, nao wakaongozwa na Matthew Ajuoga kuanzisha kanisa lao mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu wa damu na watu wa upendo wakashindwa kukaa nyumba moja! Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kosa la pili lilikuwa katika kuungama kwenyewe. Mtu alisimama kanisani akasema, nilizini na fulani, akamtaja kwa jina, mume wake akiwa ameketi pale pale. Hapo mtu huitua aibu yake juu ya kichwa cha mwingine. Ndugu wenye busara walilitambua upesi, wakafundisha kwamba kosa liungamwe kwa yule aliyekosewa kwanza, na siri ya mtu mwingine si yako kuitangaza. Mzee wetu alifanya vema: alikwenda kwa mchungaji, akaenda kwa mjane, ndipo akaja kwetu. Tena mjane mwenyewe alimruhusu kulisema hapa, bila majina.

Jambo la tatu ni zito, nami silisemi kwa furaha. Uamsho ulizaa watu hodari. Kenya, katika miaka ya Mau Mau iliyoanza 1952, ndugu wengi walikataa kula kiapo, walikataa pia kushika bunduki upande wa serikali, na wengine waliuawa kwa sababu hiyo. Rwanda, mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata aliwasaidia wakimbizi, akauawa na askari mwezi Januari 1964. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, mtoto wa uamsho, aliuawa wakati wa Idi Amin mwezi Februari 1977. Lakini katika Rwanda hiyo hiyo, nchi ya Gahini, mwaka 1994 watu zaidi ya 800,000 waliuawa kwa siku kama 100 tu, wengi wao Watutsi. Wengi waliuawa makanisani walikokimbilia, na wauaji wengi walikuwa watu waliobatizwa. Huko Nyamata kwenyewe kanisa lilijaa maiti.

MAMA: Sasa uamsho ulikwenda wapi, mwalimu?

MWALIMU: Wazee wa uamsho wenyewe waliuliza hivyo. Wengine husema uamsho wa baba haurithiwi na mtoto kama shamba. Baba aliungama chuki ya kabila, mtoto akapokea nyimbo tu na kanzu. Wengine husema ndugu walijali sana dhambi za nyumbani, yaani wizi, ulevi na uzinzi, wakanyamaza juu ya chuki iliyofundishwa na serikali mashuleni na redioni. Mimi nadhani wote wana neno. Redio, kumbukeni, ndiyo iliyotumika kuwachochea wauaji. Chombo kama hiki ninachosemea.

Sasa turudi kwa jina lako, mama, na mtungi wako.

MAMA: Nilidhani umenisahau.

MWALIMU: Sikusahau. Hapa Butiama alizaliwa mtoto mwaka 1922, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua katika mila ya Wazanaki. Alibatizwa mwaka 1943 huko Nyegina, akaitwa Julius. Lakini hakulitupa jina la baba yake, Nyerere, wala lile Kambarage. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa mpaka mwisho wa maisha yake, na watu walimwita kwa majina yote matatu. Jina lako halikudhulumu mtu, mama. Mtungi wako haukuiba ng'ombe. Mwimbie mjukuu wako.

MAMA: Nimefurahi. Lakini yapo mengine ya kale ambayo si jina wala mtungi. Nitayasema mimi, maana mwalimu ni mwanamume. Sisi tulikeketwa. Nilipokeketwa mimi, mwenzangu mmoja alitoka damu mpaka akafa, nasi tukakatazwa kumlilia kwa sauti. Mjukuu wangu wa kike sasa ana miaka 11. Shangazi zake wanahesabu miezi. Wanakwenda kanisani wote.

MWALIMU: Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 yasema kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Tena ipo Nyumba Salama huko Mugumu, wilaya ya Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, ambako wasichana hukimbilia msimu wa ukeketaji unapofika. Lakini sheria na nyumba ziko mbali kidogo na jiko lako. Wewe umeamua nini?

MAMA: Nimewaambia shangazi zake mbele ya baba yake. Nimesema, mtoto huyu hatakatwa nikiwa hai, na mwezi wa 12 atalala chumbani kwangu. Wamenuna. Mmoja ameniambia nimekuwa Mzungu. Nikamwambia, jina langu ni la bibi yangu, na mtungi wangu ni wa bibi yangu, Uzungu umeuona wapi? Kisu tu ndicho nimekiacha.

MZEE: Hapo umesema, mama.

MWALIMU: Ndugu zangu, muda wetu wakaribia kwisha. Kiongozi wa darasa, futa ubao, kisha kila mwanafunzi aandike yale maneno manne bila kutazama. Wanaoweza kuandika sentensi waandike moja kwa kila neno. Wasomaji wa daraja la pili watafute Luka sura ya 19 wasome habari za Zakayo kwa sauti, kila mtu mistari miwili. Waislamu na wengine wasiotaka kusoma Injili watasoma ukurasa wa hesabu za mifugo katika kitabu chetu cha kazi.

Na hesabu ya nyumbani ni hii. Mtu ana ng'ombe 7. Ana deni la ng'ombe 4, na amekwisha kulipa 2. Je, akimaliza kulipa deni lote atabaki na wangapi? Mzee, usiwaambie jibu.

MZEE: Mwanangu mkubwa alijua jibu kabla yenu.

MWALIMU: Juma lijalo tutasoma juu ya hati ya shamba na namna ya kuijaza. Kila mtu aje na kalamu. Kwaherini.

MZEE na MAMA: Kwaherini.